MCHECHETO WA JUKWAANI: UNATOKA WAPI, NA UNAUFANYAJE?

Leo naweka kitu kirefu kidogo kuhusu ule ugonjwa wetu wa wengi usio na dispensari: mchecheto wa kusimama mbele za watu. Kama dakika zako za kafe zinakaribia kuisha, teremka moja kwa moja mpaka penye UFANYEJE. Mwenye muda aanze hapa juu, maana kila ushauri nitakaoutoa una sababu yake.

KISA CHANGU KWA UFUPI

Nilipomaliza kidato cha nne nilichaguliwa kusoma risala ya wahitimu mbele ya mgeni rasmi. Sikuchaguliwa kwa kujua kuongea, ni kwa sababu mimi ndiye niliyeiandika. Risala ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikwenda. Wa pili karatasi ikaanza kutetemeka na maiki ikawa inadaka ule mchakacho, kwara kwara kwara, uwanja mzima unasikia. Nikawa naona herufi lakini maneno siyaoni. Nikanyamaza. Nyuma huko mtu akapiga mluzi, watu wakacheka, mwalimu akaichukua karatasi akampa mwenzangu amalizie.

Mama yangu alikuwa amekaa safu ya tatu. Kwenye daladala hakusema kitu mpaka tulipokaribia kushuka, ndipo akauliza taratibu: "Mwanangu, si karatasi ulikuwa nayo mkononi?"

Swali hilo nilikosa jibu lake kwa miaka. Baadaye nikaitwa usaili kwenye redio moja, wakaniambia nisome taarifa ya dakika moja mbele ya watu watatu. Nikaomba kwenda msalani. Sikurudi. Kazi ikaenda hivyo hivyo, na sikumwambia mtu. Hapo ndipo nilipoanza kusoma ili nijue hiki kitu ni nini hasa. Haya ndiyo niliyoyapata.

MCHECHETO NI NINI

Ni hofu inayomshika mtu kabla au wakati wa kufanya jambo huku wengine wanamtazama. Si hotuba tu. Kuimba, kuigiza, kusoma somo kanisani, kuswalisha, kujieleza kwenye usaili, kutoa neno la shukrani kwa niaba ya familia, hata kupiga penalti. Wengine huita woga wa jukwaa. Wataalamu wana jina lao kwa ile ya kuongea hadharani, glosofobia, limetoka kwenye Kigiriki: "glossa" ni ulimi na "phobos" ni hofu.

Tusichanganye mambo manne:

1. Mchecheto wa kawaida. Unakuja na tukio na unaondoka na tukio. Karibu kila mtu anao kwa kiasi fulani.

2. Haya. Hii ni tabia ya mtu. Kuna watu wapole sana mtaani lakini wakipanda stejini moto unawaka, na kuna wapiga soga wa kijiweni ambao ukiwapa maiki wanaganda.

3. Kigugumizi. Hili ni suala la jinsi ubongo unavyoendesha usemi, mara nyingi linaanza utotoni na linaweza kuwepo kwenye ukoo. Woga haukisababishi, ila unaweza kukizidisha. Kwa hiyo kumwambia mwenye kigugumizi "acha woga" ni kumwonea.

4. Ugonjwa wa hofu ya kijamii. Hapa hofu ni kubwa na ya muda mrefu mpaka inaharibu masomo, kazi au mahusiano. Nitaurudia huko chini.

KINACHOTOKEA MWILINI

Mwaka 1915 profesa Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliandika kitabu kuhusu mabadiliko ya mwili wakati wa maumivu, njaa, hofu na hasira. Alieleza kwamba mnyama akiona hatari mwili wake unajiandaa kwa moja kati ya mambo mawili: kupigana au kukimbia. Mwili wako haujui tofauti ya chui na mgeni rasmi. Maandalizi ni yale yale.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi inaitwa amigdala. Hii ni kama mlinzi wa getini. Ikihisi hatari inapiga kengele, na tezi zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini kwenye damu. Ndipo unapata yafuatayo:

- Moyo unadunda haraka, ili damu ifike kwenye misuli.
- Pumzi zinakuwa fupi, sauti inapanda na kutetemeka.
- Mikono na miguu inatikisika, maana misuli imewashwa lakini haina pa kukimbilia.
- Vidole vinakuwa vya baridi, damu imehama kwenye ngozi.
- Mdomo unakauka na tumbo linavuruga, maana mwili umesimamisha shughuli ya kusaga chakula.
- Jasho jembamba linatoka, kazi yake ni kupoza injini.

Baadaye kidogo inafuata homoni nyingine, kotisoli, ambayo inakaa muda mrefu zaidi. Na hapa kuna jambo lililonichekesha na kuniuma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walitaka njia ya uhakika ya kumpa mtu msongo ndani ya maabara ili wapime kotisoli kwenye mate yake. Unajua walichagua nini? Usaili wa kazi! Njia hiyo ilichapishwa mwaka 1993: mtu anapewa muda mfupi wa kujiandaa, anajieleza dakika 5 mbele ya jopo lisilotabasamu, kisha anaambiwa atoe 13 kutoka 1022, aendelee kutoa 13 kwa sauti, akikosea anaanza upya. Mpaka leo inatumika duniani kote. Kwa hiyo ndugu yangu uliyetetemeka kwenye usaili, hukuwa dhaifu. Ulipitia kitu ambacho wanasayansi wanakitumia makusudi kuwatetemesha watu.

Sasa kwa nini maneno yanapotea? Akili ina sehemu ndogo ya kushikilia mambo ya sasa hivi, kama meza ndogo. Ukiwa umetulia, juu ya meza kuna hotuba yako tu. Ukiwa na hofu, meza inajaa vitu vingine: wananionaje, mkono unatetemeka, nikikosea itakuwaje, yule anacheka nini. Hotuba inaanguka chini. Jibu la mama yangu ndilo hilo. Karatasi nilikuwa nayo mkononi, ila mezani nafasi haikuwepo.

MENDE WA MAREKANI

Kuna jaribio moja nalipenda sana. Mwaka 1969 mwanasaikolojia Robert Zajonc wa Chuo Kikuu cha Michigan pamoja na wenzake walichukua mende. Mende haupendi mwanga, ukiwashiwa taa anakimbilia gizani. Wakawatengenezea njia mbili: moja imenyooka, nyingine ina kona ya kufikiria. Kisha wakaweka mende wengine pembeni kwenye visanduku vya kuonyesha ili wawe watazamaji.

Matokeo: kwenye njia iliyonyooka, mende waliotazamwa walikimbia haraka zaidi kuliko wakiwa peke yao. Kwenye njia ya kona, waliotazamwa walichelewa zaidi. Maana yake, watazamaji wanakuongezea nguvu, lakini nguvu hiyo inasaidia kile ambacho umeshakizoea na inaharibu kile ambacho bado ni kigeni kwako. Ndiyo maana mchezaji mzoefu anacheza vizuri uwanja ukijaa, na mwanagenzi anapoteana.

Kwa hiyo swali si jinsi ya kuwaondoa watazamaji. Swali ni jinsi ya kuifanya hotuba yako iwe njia iliyonyooka kabla hujapanda jukwaani.

JE, WANAKUONA KWELI?

Mwaka 2000 profesa Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walichapisha jaribio la fulana. Wanafunzi walivalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, kitu cha kuona aibu kwa vijana wale, halafu wakaingizwa kwenye chumba chenye wenzao. Waliovaa walidhani karibu nusu ya watu chumbani wameiona picha. Walioiona kweli walikuwa karibu robo tu. Tunajiona tuko chini ya taa kubwa kuliko ilivyo.

Mwaka 2003 Gilovich na mwenzake Kenneth Savitsky wakaenda mbele zaidi, wakatumia wanafunzi wanaotoa hotuba. Wale walioelezwa mapema kwamba hofu ya ndani haionekani nje kama wanavyodhani walitoa hotuba nzuri zaidi kuliko ambao hawakuambiwa kitu. Yaani kujua tu kunasaidia! Wewe umeshasoma hapa, kwa hiyo na wewe umeshaambiwa.

UNG'ENG'E NAO

Kwetu Tanzania kuna mzigo wa ziada. Shule nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, ukifika kidato cha kwanza masomo yanageuka Kiingereza. Kwa hiyo mwanafunzi anayesimama kwenye mdahalo ana kazi mbili kwa wakati mmoja: kutafuta hoja na kutafuta maneno. Kumbuka ile meza ndogo. Nusu imeshaliwa na sarufi kabla hofu haijafika. Akichapia anazomewa, na wanaozomea wengi wao wasingeweza kusema sentensi mbili.

Mtu wa namna hiyo mara nyingi akipewa Kiswahili anaongea vizuri tu. Kwa hiyo usijipe jina la "mimi siwezi kuongea mbele za watu" kabla hujapima kwa lugha yako mwenyewe. Wapo wazee wetu waliokariri ngonjera wakiwa shule za msingi wakazitoa mbele ya viongozi bila kutetemeka. Walikuwa wanajibizana wawili au zaidi, wamefanya mazoezi wiki nyingi, na kwa Kiswahili. Hapo sababu zote tatu ziko upande wako.

WAKUBWA WALIOTETEMEKA

Musa. Katika Biblia, kitabu cha Kutoka sura ya 4, anamwambia Mungu kwamba yeye si msemaji. Katika Qurani, sura ya Twaha, anaomba apanuliwe kifua na afunguliwe fundo la ulimi. Kote kuwili anapewa ndugu yake Haruni amsaidie.

Demosthenes wa Athens, karne ya 4 kabla ya Kristo. Mara ya kwanza kuhutubia alichekwa. Mwandishi Plutarch anasimulia kwamba alifanya mazoezi akiwa na kokoto mdomoni, akasemea huku anapanda mlima, na akanyoa nusu ya kichwa ili aone aibu kutoka nje na abaki ndani akijifua. Baadaye ndiye aliyekuwa msemaji mkubwa kuliko wote wa mji wake.

Mohandas Gandhi. Alirudi India mwaka 1891 na uanasheria wake kutoka London. Kesi yake ya kwanza Bombay alisimama kumhoji shahidi, kichwa kikazunguka, hakupata hata swali moja. Akakaa chini, akarudisha malipo, rupia 30. Yeye mwenyewe ameyaandika hayo. Mwaka 1893 akiwa Pretoria, Afrika Kusini, ndipo alipotoa anayoihesabu kuwa hotuba yake ya kwanza ya hadhara. Aliandika pia kwamba ile haya ilimfundisha kutumia maneno machache.

Mfalme George wa Sita wa Uingereza. Huyu alikuwa na kigugumizi pamoja na hofu. Tarehe 31 Oktoba 1925, kabla hajawa mfalme, alihutubia Wembley na ilikuwa mateso kwake na kwa wasikilizaji. Mwaka 1926 akaanza mazoezi na Lionel Logue, mtu wa Australia. Mwaka 1939 alilihutubia taifa kwa redio siku vita ilipotangazwa.

Adele. Mwaka 2011 aliliambia jarida la Rolling Stone kwamba kuna onyesho Amsterdam alitoroka kupitia mlango wa dharura, na amewahi kutapika kwa hofu. Nami nilitoroka kupitia msalani, tofauti yetu ni kwamba yeye alirudi kuimba.

UFANYEJE

1. Fanya mazoezi kwa mdomo, umesimama. Kusoma kwa macho kitandani si mazoezi. Kumbuka mende: unatafuta njia inyooke. Soma kwa sauti mara nyingi, kwa mkao ule ule utakaokuwa nao siku yenyewe.

2. Panda ngazi moja moja. Leo peke yako, kesho mbele ya mdogo wako, keshokutwa watu watatu, halafu kikundi cha dini au cha mtaa. Amigdala haifundishwi kwa maneno, inafundishwa kwa kukaa kwenye hali hiyo mara kwa mara na kuona hakuna aliyekula mtu. Ukikwepa kila mara, unaifundisha kwamba hatari ilikuwa ya kweli. Mimi niliikwepa miaka na kila mwaka ilizidi kuwa kubwa.

3. Kariri mwanzo tu. Sentensi tatu za kwanza ziwe kichwani kama jina lako, maana dakika ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote. Zilizobaki andika kwa vipengele. Ukikariri neno kwa neno, likipotea moja linaondoka na treni nzima.

4. Karatasi iwe ngumu. Tumia kadi, au weka karatasi juu ya jalada la daftari. Haitikisiki wala haipigi kelele kwenye maiki. Laiti ningejua.

5. Toa pumzi polepole. Vuta kwa kuhesabu 4, toa kwa kuhesabu 6. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kunapunguza mwendo wa moyo. Fanya dakika mbili kabla hujaitwa.

6. Usijiambie "tulia", jiambie "nina mzuka". Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Harvard alionyesha kwamba watu waliojiambia wana shauku kabla ya kuimba karaoke au kuhutubia walifanya vizuri kuliko waliojiambia wana hofu au waliojaribu kutulia. Sababu ni kwamba mchecheto na mzuka ni ndugu: moyo unadunda kote. Kuutoa mwili kwenye moto mpaka baridi ni safari ndefu, kubadili jina la moto ni hatua moja.

7. Fika mapema. Simama pale pale utakaposimama, jaribu maiki, jua kiti chako kilipo. Hofu inapenda vitu vigeni.

8. Ongea na mtu mmoja mmoja. Tafuta uso mmoja wa kirafiki kushoto, mmoja kulia, mmoja katikati, uwe unazunguka hao hao.

9. Ukichapia, nyamaza sekunde mbili, rudia, songa mbele. Usiombe radhi mara kumi. Kimya kinachokuonekana kwako kama saa nzima, kwa msikilizaji ni pumzi tu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

VYA KUEPUKA

Pombe ya kujipa ujasiri. Zamani kuna washehereshaji waliokuwa na kiroba mfukoni. Viroba vyenyewe vilipigwa marufuku Tanzania mwaka 2017, lakini tabia bado ipo. Pombe inapunguza woga na akili kwa pamoja, halafu inakufundisha kwamba bila chupa huwezi.

Kahawa nyingi na vinywaji vya kuongeza nguvu. Moyo wako tayari unakimbia, unauongezea mafuta ya nini?

Vidonge vya kupewa na rafiki. Kuna dawa inaitwa propranololi, inazuia adrenalini isiuharakishe moyo, na wanamuziki wengi duniani wamewahi kuitumia. Aliyeigundua, James Black, alipata tuzo ya Nobel mwaka 1988. Lakini mwenye pumu inaweza kumbana kifua kwa hatari kubwa, na haifai pia kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo. Ni ya kuandikiwa na daktari. Usiinunue dukani kwa kusikia.

LINI UMUONE DAKTARI

Kama hofu imekaa miezi sita au zaidi, unakosa shule au kazi kwa sababu yake, unashindwa hata kula au kupiga simu mbele za watu, au umeanza kunywa ili uweze kukutana na watu, hapo si mchecheto tena. Ugonjwa wa hofu ya kijamii unatambulika na unatibika, kwa tiba ya mazungumzo inayokufundisha kubadili mawazo na kuzoea hatua kwa hatua, na wakati mwingine kwa dawa. Anza hospitali iliyo karibu nawe, watakupa rufaa. Muhimbili ina idara ya afya ya akili, Dodoma kuna Mirembe, Nairobi kuna Mathari. Najua watu wanavyotania majina hayo. Mwache acheke, wewe nenda.

KWA NINI NIMEANDIKA LEO

Mdogo wangu yuko kidato cha nne na amechaguliwa kusoma risala. Mama ndiye aliyeniletea karatasi, akasema, "Msaidie mwenzio, wewe unajua." Sijui kama alikuwa anatania. Basi kila jioni tunasimama uani, yeye anasoma, karatasi imebanwa kwenye jalada gumu, mimi ni mgeni rasmi, mama anakaa kwenye kigoda. Jana mtoto wa jirani alipiga mluzi. Dogo akanyamaza kidogo, akarudia sentensi, akaendelea mpaka mwisho. Mahafali ni wiki mbili zijazo.

Na mimi nimeomba kusema neno la shukrani kwenye sendofu ya binamu yangu mwezi ujao. Dakika tatu tu. Nimeshaanza kutetemeka.

Mdau mwenye mbinu yake iliyomsaidia aiweke hapo chini kwenye maoni, hasa nyie mliowahi kuzomewa mkarudi tena. Matusi sitayapitisha. Nawakilisha.